Mkono wa Baba Uliobaki Mgololo

Nilisafiri kwa sababu ya maneno ambayo Mama aliyasema bila nia mbaya, tukiwa jikoni tunamenya ndizi. Nilimwambia kitu ninachokikumbuka vizuri kuhusu Baba ni jinsi alivyokuwa ananishika mkono kutoka chekechea mpaka nyumbani, haniachii hata kidogo.

"Ulikuwa ni ule ugonjwa wake, Atu," Mama akasema. "Mkono ukishashika, haukubali kufunguka." Akaendelea kumenya.

Mimi ni mtu wa aibu, sikuuliza zaidi. Baba alifariki nikiwa mdogo, naye bado kijana kabisa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa misuli, wa nadra, mtaani hakuna aliyewahi kuusikia. Sasa kama hata ule mkono ulikuwa ugonjwa tu, mimi nimebaki na nini? Likizo ilipofika nikaomba kwenda Mgololo, tulikoishi zamani, kwa Shangazi, dada yake Baba.

Mbeya, alfajiri. Baridi ya mwezi wa saba mnaijua. Stendi Mama alinifunga kitenge juu ya sweta. "Huko usalimie watu vizuri. Siyo unagusa vidole halafu unakimbia." Kweli huwa nafanya hivyo.

Baada ya Chimala nililala. Makambako upepo uliniamsha, unapiga mpaka macho yanatoa machozi. Abiria wa nyuma akasema hapa hata kuku wanavaa sweta.

Nyololo, mchana. Hapa ndipo tunapoiacha barabara kuu. Nilipanda gari dogo, likaingia katikati ya mipaini, na ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Harufu ya kiwanda cha karatasi ilitufikia kabla hatujakiona chenyewe, kama kabichi iliyolala kwenye maji. Dada mmoja mgeni akaziba pua. Mimi niliivuta. Jaketi la Baba lilinuka hivyohivyo akitoka zamu.

Mgololo, jioni. Shangazi anauza chai kwenye kibanda chake, njia ya kiwandani.

"Kamwene!" akanishika mkono. Kwetu Wahehe salamu haina haraka. Unashikwa mkono na hauachiwi mpaka umeulizwa nyumbani, shule, mama, mvua na mahindi. Nikaanza kuuvuta wangu polepole. Akacheka.

"Ungemwona baba yako! Wazee walimsifu, kijana ana adabu huyu, hana haraka na mkono wa mtu. Kumbe maskini anahangaika vidole vifunguke!"

Mzee mmoja aliyekuwa anakunywa chai akadakia, "Kazini tulimwita Gundi. Akitokea tu, watu wanapiga kelele, ficheni mikono! Basi yeye anakufuata makusudi akusalimie."

Nilicheka, halafu machozi yakataka kuja. Mzee alipoondoka nikauliza, macho kwenye kikombe: "Shangazi, kwa hiyo na mimi alinishika kwa sababu ya ugonjwa?"

Akaacha kukanda unga wa maandazi.

"Nani kakwambia? Sikiliza. Baba yako kabla ya kukufuata chekechea alikuwa anapita hapahapa, anaomba bakuli la maji ya moto, anatumbukiza mikono. Baridi ndiyo iliyokuwa inamkaza. Mikono ikipata moto, vidole vinalegea. Siku moja nikamtania, wewe kila siku unanawa, unaenda kula wapi? Akasema, 'Naenda kumshika mtoto. Nisije nikamminya. Na akitaka kukimbia akacheze, niweze kumwachia.'"

"Kwa hiyo alikuwa anaweza kuniachia?"

"Akishanawa? Vizuri tu. Hakutaka mwenyewe."

Kesho yake nilitembea peke yangu ile njia ya chekechea mpaka nyumba yetu ya zamani. Kumbe ni fupi! Kichwani mwangu ilikuwa ndefu sana. Niliirudia mara ya pili, mkono mmoja mfukoni ili upate joto.

Siku ya kurudi Shangazi alinisindikiza mpaka Nyololo. Basi la Mbeya likafika, tukaagana kwa mikono, tukarudia salamu za Mama, za bibi, za kila mtu. "Binti, panda, au tukuache na shangazi yako?" konda akafoka. Kwa mara ya kwanza sikuona aibu.

Mbeya, jioni. Mama alinipokea stendi. Nikamsimulia habari ya bakuli. Kumbe hakuwahi kuijua, Baba hakumwambia. Akasema, "Ndiyo maana alikuwa anarudi na mikono ya moto." Akageuka pembeni kujifuta uso.

Nikamshika mkono. Wangu hauna tatizo, unafunguka vizuri tu. Tukaenda hivyohivyo mpaka nyumbani.