Pua ya Papa

Jana nilibadilisha chupa ya gazi jikoni kwangu Nyalukemba, na ile harufu ya kabichi iliyooza ikanifikia kabla sijakaza sawasawa. Nilipiga magoti papo hapo nikaanza kunusa sakafu. Mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Muache acheke, kisa chenyewe sijamwambia, nawaambia ninyi.

Papa, baba yangu, alikuwa makanika, tukikaa Bagira. Mwaka ule essence, yaani petroli, ilikuwa ya kubahatisha, leo iko, kesho hakuna, na pickup yetu iliyozoea kupandisha mihogo kutoka Luvungi ikawa inalala uwanjani siku nzima. Papa akaapa itatembea kwa gazi ya kupikia. Majirani walisema atatulipua sote. Yeye akaendelea na kazi. Alifunga chupa kubwa nyuma ya kabini, akapitisha mpira wa gazi chini ya gari hadi kwenye motere, yaani injini, na kila kiungio akakipaka maji ya sabuni aone kama yatatoa mapovu.

Baada ya sabuni ilikuwa zamu yangu.

"Nsimire, kuja. Inama. Unasikia nini?"

Gazi ni nzito, alinieleza, inatambaa chini, na mimi wa miaka nane nilikuwa karibu na chini kuliko yeye. Mwanzoni nilijivuna kweli. Lakini wiki mbili za kuinama matopeni, wenzangu wanaruka kamba! Jumamosi ya kuliwasha gari, aliponiuliza bila kupaka sabuni tena, sikuinama hata kidogo.

"Hakuna kitu, papa," nikasema, nikakimbilia kamba yangu. Aliniamini.

Kwetu gari halianzi kazi bila kubarikiwa. Padri alikuwa safarini, basi maman akatoa mushumaa wake wa Pasaka, akauwasha, akaanza kulizunguka gari akisali Salamu Maria, majirani wakiitikia nyuma yake. Kwenye kila gurudumu aliinama, akaushusha mushumaa karibu na ardhi. Gurudumu la kwanza. La pili.

Kamba yangu ikateleza chini ya gari, upande wa nyuma. Nikainama kuichukua. Kabichi!

Kusema ilikuwa kukiri kwamba nimemdanganya papa, mbele ya watu wote wa mtaa. Nakiri kwenu: nilisita. Mutoto mzima nikasimama pale nikihesabu aibu yangu, na maman akamaliza gurudumu la tatu. La nne ndilo lililokuwa karibu na chupa.

Nilimrukia. Nikampokonya mushumaa, nikautumbukiza katika ndoo ya sabuni. Kofi la maman lililofuata nalisikia mpaka leo.

"Mushumaa ya Mungu, Nsimire! Una wazimu?"

"Nilidanganya, papa! Sikunusa! Gazi iko inatoka, iko hapa chini!"

Papa alipiga magoti, akaweka pua palepale nilipoonyesha, ambapo harufu ilikuwa kali hadi kunitoa machozi. Akanusa. Akanusa tena. Kisha akaniangalia.

"Unasikia kweli?" aliuliza polepole.

Nilidhani ananitega. Akawafukuza watu wote mbali, akapaka sabuni kwenye kiungio cha chupa, na mapovu yakavimba kama mate ya mutoto mchanga. Alipokikaza, ufunguo ulimponyoka mara mbili. Nikajua amekasirika, nikangoja fimbo. Fimbo haikuja. Jumatatu gari liliwaka, likabeba mihogo miaka mingi.

Nilikuwa nimeshaolewa siku nilipofika Bagira nikakuta nyumba imejaa harufu ya maharage yaliyoungua hadi kuwa makaa. Papa alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye sufuria, anasikiliza redio, ametulia kabisa.

"Papa! Haukusikia?"

Alipunguza redio.

"Mwanangu, pua yangu essence iliiua mbele ya wewe kuzaliwa. Kwa ile gari, wewe ndiyo ulikuwa pua yangu."

Niliketi pale pale mlangoni. Yeye, maman na mushumaa wake, majirani na Salamu Maria zao, wote walikuwa wamesimama juu ya neno langu moja, nami nilikuwa nimekwenda kuruka kamba. Ilinichoma, inanichoma bado.

Siku hizi nikimtembelea, bado ananiuliza akiwa jikoni, "Nsimire, unasikia nini?" Napiga magoti kwanza. Ndipo namjibu.