Kaka Alibaki na Laini Yangu, Baba Akalipa Bili

Admin, jina langu lifiche, lakini hasira zangu ziache kama zilivyo, usinipunguzie hata neno. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, naishi Mikumi, nina mgahawa hapa barabarani wanaposimama madereva wa malori. Baba yangu yupo Kilangali, alistaafu kwenye shamba la mbegu la serikali. Ana zaidi ya miaka themanini na moyo wake ni mgonjwa. Tangu nikiwa na miaka thelathini na kidogo hajaitikia shikamoo yangu. Namwamkia, anageukia ukutani. Aliyesababisha yote ni kaka yangu wa tumbo moja, mbwa yule, Mungu anisamehe.

Ilikuwa miaka ile kampuni za simu za watu binafsi ndiyo zinaanza kuingia. Nikachukua simu ya mkataba, ile ya kuongea kwanza unalipa mwisho wa mwezi, ili madereva wapige kwao wanilipe. Kampuni ilitaka mdhamini mwenye ajira ya serikali na sanduku la posta. Baba akaweka sahihi yake bila kuuliza maswali mawili. Baada ya mwaka hivi vocha za kukwangua zikafika mpaka Mikumi, kila dereva akawa na simu yake mfukoni, biashara ikafa. Nikaamua kuvunja mkataba. Nikalipa mwezi wa mwisho, nikaandika barua, nikaiweka pamoja na simu na laini yake kwenye bahasha ya kaki.

Ofisi ilikuwa Morogoro. Huku kwetu hutoi nauli kwa ajili ya barua wakati ndugu yako anaendesha lori na anapita huko kila wiki. Nikampa kaka, nikamwambia wagonge muhuri kwenye nakala aniletee. Aliporudi mikono mitupu nikamuuliza, akacheka. "Mdogo wangu, yule binti wa ofisini kapokea kila kitu, yameisha. Au unanidai risiti mimi?" Nikaona haya. Utamdaije risiti mtu mliyenyonya ziwa moja? Ujinga wangu ndio huo, naukubali.

Miezi minne baadaye bili ya miezi hiyo yote ikatua kwenye sanduku la baba kule Kilosa, na barua ya kumtishia mahakama kama mdhamini. Baba hakuniuliza. Aliuza mpunga wote aliouweka wa kununulia bati, akaenda kulipa mwenyewe, kisha akapanda basi mpaka Mikumi, akasimama mlangoni kwangu mbele ya wateja. "Nimefanya kazi miaka yote sijadaiwa hata debe la mtu. Wewe umeniandikisha na wahalifu." Akanitupia ile bili, akaondoka hata maji hakunywa.

Nikaenda Morogoro. Barua yangu hawakuwahi kuiona. Nikaomba orodha ya namba zilizopigwa, na namba moja ilijaa karibu ukurasa mzima. Nikaipiga, akapokea mwanamke wa Ruaha. Nikamtajia namba ya laini yangu, nikamuuliza ni nani anayempigia sana kwa laini hiyo, akanijibu kwa madaha, "Mchumba wangu huyo, dereva wa lori," akamtaja kaka yangu kwa jina lake kamili. Leo ndiye wifi yangu.

Kwenye kikao cha ukoo kaka alikataa huku amenikazia macho. "Laini ina jina la nani? Si lako?" Wifi naye akaapa hajawahi kuongea na mimi. Baba akamwamini mwanawe wa kiume. Aliendelea kulala kwenye nyumba ya nyasi mpaka kaka alipokuja kuiezeka bati, na kijiji kizima kikamsifu. Nyoo! Mtu anasifiwa kwa kurudisha alichoiba!

Sasa sikilizeni. Mwezi uliopita wifi kagombana na kaka kwa sababu ya mwanamke mwingine, akanitumia ujumbe wa sauti, analia. "Ile simu alibaki nayo, wifi. Barua yako aliichana mbele yangu na mimi nikacheka. Nisamehe." Nimeusikiliza mpaka nimeukariri. Sijamjibu.

Juzi kaka akapiga. "Baba hali si nzuri. Njoo Jumamosi umwombe radhi kabla hajaondoka, wewe ndiye uliyemkosea." Jamani, ana uso wa namna gani yule? Na ndiye anayempeleka baba kliniki, dawa zote ananunua yeye, na daktari amekataza baba asipewe habari za kumshtua. Kisha baba mwenyewe akaomba simu. Sauti imekwisha kabisa. "Mwanangu, sitaki kufa nimekufungia moyo. Njoo useme tu kwamba ulikosa, nikubariki." Miaka yote hiyo hakuwahi kuniita mwanangu. Nililia pale jikoni mpaka wali wa wateja ukaungua.

Najua wengine mtasema mwombe tu radhi, mzazi ni mzazi. Nyie hamjaamkia ukuta zaidi ya miaka ishirini. Nikikubali, baba anazikwa akijua mimi ndiye mwizi, na yule mshenzi amesimama pembeni anatazama nikipiga magoti. Nikimsikilizisha sauti ya wifi nitakuwa safi, lakini huenda moyo wa baba usiifikie Jumapili. Na akipona huo mshtuko, kaka akisusa, nani atamnunulia dawa? Mgahawa wangu wenyewe unachechemea. Nazitaka baraka za baba, na nataka aujue ukweli wangu akiwa hai. Vyote viwili sioni njia ya kuvipata.

Gauni nimeshalipiga pasi. Wenye wazazi na mliokwisha kuzika wazazi, niambieni: nikishapiga magoti kando ya kitanda chake, mdomo wangu useme nini?