Viini vya Njano vya Laurence

Laurence alikuwa na kibanda cha omeleti Rubona, kando ya Ziwa Kivu, pale minibasi zinapogeuzia, na mwaka 1999 hapakuwa na mtu bandarini asiyejua kwamba mayai yake yana viini vya njano kuliko yote. Kama ulikuwa hujui, angekuambia mwenyewe. Wavuvi walikwenda kwake kabla hata ya kuuza sambaza, vile visamaki vya ziwani. Kuna mwanamke aliyevuka mpaka kutoka Goma kwa ajili ya omeleti tu, ama ndivyo Laurence alivyosimulia.

"Siri yako iko nini, Mama Denyse?" wateja walimuuliza Laurence.

"Mapendo," alijibu huku akikoroga mayai. "Kuku inajuaka mutu mwenye anaipenda. Zangu ninazisalimiaka kila asubuhi, moja moja, na jina yake."

Kwa kweli aliwalisha kuku wake machicha ya bia na mahindi meupe, kisha mchana akawafungulia mlango wakanyooshe miguu nyuma ya nyumba. Walikokwenda hakuuliza. Walirudi wameshiba, akamshukuru Mungu.

Nyuma ya nyumba hiyo aliishi Mzee Mbonigaba, mwalimu wa kwaya, aliyejivunia bustani yake ya lengalenga, yaani mchicha. Kila jioni alikuta majani yameliwa, yamebaki mashina. Alimshuku mbuzi wa Cansilde, jirani wa upande wa pili, akalisema jambo hilo mbele ya kwaya nzima. Cansilde, aliyekuwa na sauti nzuri kuliko wote, akasusa kuimba.

Asubuhi Mbonigaba alikuja kibandani kupoza hasira kwa omeleti.

"Njano hii!" alisema huku akitafuna. "Angalau Rubona iko mutu moja anajua kazi yake."

Mwishowe alizungushia bustani ua wa matete, uliosukwa hata panya asingepenya.

Haikuchukua muda, viini vya Laurence vikaanza kufifia. Vikawa kama mahindi machanga, kisha kama chai yenye maziwa mengi.

"Mama Denyse," dereva mmoja aliuliza, "hii ni omeleti ao ni fufu ya muhogo?"

Laurence akaongeza mapendo. Aliwasalimia kuku asubuhi na jioni, akawaimbia nyimbo za Krismasi ingawa ilikuwa Agosti. Viini vikazidi kuwa vyeupe. Akaamua kwamba ni wivu wa watu. Kabla ya kwenda kwa padri kuomba maji ya baraka, akamwita Ngoga, daktari wa mifugo.

Ngoga alifika kibandani wateja wakila. Akapasua yai juu ya sahani, akalitazama.

"Kuku yako haina ugonjwa," alisema. "Ile rangi inatokaka mu chakula. Majani mabichi, mahindi ya njano. Machicha na mahindi nyeupe haitoe njano. Bon, mbele ilikuwa inakula majani gani?"

"Majani? Mi siipatiake majani! Ni machicha tu. Kisha inatembeaka kidogo, pale nyuma, kwa..."

Mwiko ukabaki hewani. Kwenye benchi Mbonigaba aliweka uma chini taratibu, kama aliyesikia sauti mbovu katikati ya wimbo.

"Kwa nani, Mama Denyse?"

"Kwa... nyuma."

"Yezu we! Siku hizi zote nimekula lengalenga yangu hapa, na nikakushukuru!"

"Na ulisema iko tamu, Mzee!"

Wavuvi walicheka mpaka chai ikamwagika. Ngoga alijaribu kueleza kwamba hata kiini cheupe kinajenga mwili, kwamba rangi peke yake si nguvu. Hakuna aliyemsikiliza.

Jioni ile Laurence alimpelekea Mbonigaba gunia la mbolea ya kuku, kwa aibu ya kweli. Mzee akakubali kuwatunzia kuku majani yake yaliyokomaa. Lakini ilibaki kazi ngumu zaidi: Cansilde. Walikwenda wote wawili. Aliwasikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Mi nimewasamehe," alisema. "Lakini mwenye mulisingizia iko pale. Muombe yeye pardon."

Mbonigaba alimtazama mbuzi, akamtazama Cansilde, akaona hatanii. Akavua kofia.

"Pardon," alisema.

Mbuzi aliendelea kutafuna. Jumapili, Cansilde alirudi kwenye kwaya.