Sekunde Nne za Ramani

Chumba cha simu za dharura kilikuwa na fundi mmoja wa seva, mwanamke aliyeitwa Kichwa Kigumu. Jina alipewa na mama yake, wenzake wakalidaka siku mama huyo alipomletea mwavuli kazini.

Wiki ile simu za wagonjwa zilikuwa zikikatika. Mkuu wa kitengo akamlaumu mpokea simu, dada mpole aliyetimiza miaka kumi na tisa kazini. Ripoti ikaandikwa: amezembea. Ilibaki sahihi ya fundi, kuthibitisha kwamba mitambo ni mizima.

"Sitii," alisema.

"Tia tu, mambo yaishe," mkuu akamwambia.

"Yataisha kwako. Wagonjwa wataendelea kukatwa."

Alikuwa ameshaandika saa za kukatika. Zote ziliangukia dakika ya kumi na ya arobaini ya kila saa, hata siku dada alipokuwa likizo. Dakika hizo programu ya seva huzaa mwana, yaani programu pacha ya muda, ili mwana aandike nakala kwenye diski huku mzazi akipokea simu. Data haihamishwi, wanaitumia pamoja, na ukurasa, yaani kipande cha kumbukumbu, hunakiliwa pale tu mmoja anapoubadilisha. Lakini ramani ya kuonyesha kila ukurasa uko wapi lazima inakiliwe yote. Kurasa zilikuwa ndogo, mamilioni kwa mamilioni, na mzazi alisimama kimya sekunde nne kuisubiri ramani, simu zikakatika.

Alipoelezwa hayo, mkuu akacheka. "Eti ramani! Nani atakuelewa?"

"Wewe. Vaa hivyo vipokea sauti, ukae hapo."

Akakaa, kwa kiburi tu. Mzee mmoja akapiga, mkewe ameanguka bafuni. Saa nne na dakika kumi skrini zikaganda. "Haloo? Haloo, mzee?" Kimya. Mkuu akatoka jasho mpaka mzee alipopiga tena.

"Rekebisha," akasema kwa sauti ndogo.

Fundi akahamishia kazi kwenye seva ya akiba, akaweka kurasa kubwa, kila moja ikibeba ndogo mia tano na kumi na mbili. Mstari mmoja wa ramani ukatosha palipohitajika mamia. Kumbukumbu ililiwa zaidi kidogo. Akasema wazi kwamba hiyo ndiyo gharama. Dakika ya arobaini ikapita, hakuna aliyeihisi.

Ripoti ikachanwa. Mkuu hakuomba radhi. Fundi akapewa onyo la utovu wa nidhamu, kwa kukataa kutia sahihi.

"Pole, umeponzwa na mimi," dada akamwambia kwenye ngazi.

"Nani kaponzwa? Kesho wakikuandika tena, watanikuta palepale."