Ndege wa Koko na Mahari ya Neema

Nilipokuwa mtoto tuliishi Mururu, juu ya malisho mapana, na humo alikuwamo ndege mmoja ambaye Koko, yaani bibi yangu, hakutaka hata kumtaja. Kwake alikuwa ndege wa kifo. Akilia asubuhi, siku hiyo mahari haipokelewi, la sivyo bibi arusi atarudishwa kwao amefunikwa shuka.

Basi akalia asubuhi ile ile ambayo shangazi Neema alikuwa akitolewa mahari. Wakwe walikuwa wameshavuka mpaka kutoka Bukavu, wakatukuta tumependeza, na Koko amekaa mlangoni kama kufuli. Neema, aliyempenda kijana wake kufa, alilia mpaka poda ikamtoka. Mshenga wa wakwe, Mzee mmoja mnene mwenye viatu vya kung'aa, aliuliza kama tuna hakika aliyelia ndiye huyo ndege wa kifo. Koko akakiri kwamba humsikia tu, hajapata kumwona, ila wa kifo lazima atue mtini. Ikakubaliwa tukamtazame: akitua mtini, wageni warudi na mahari yao.

Koo mbili zikashuka malishoni na vitenge vya sherehe, zikinyatia ndege. Tulimkuta chini, ana miguu mirefu na mgongo wa kahawia, akikimbia kidogo na kusimama. Alipotuona alipiga kelele ile ile ya asubuhi, kisha akaanza kuburuta bawa kana kwamba limevunjika. Mshenga alisema huyo atamkamata kwa mkono. Ndege akajiburuta, Mzee akafuata, mpaka kwenye tope la bondeni. Hapo ndege akaruka mzima kabisa, na Mzee akabaki na kiatu kimoja. Neema alicheka mpaka akaketi kwenye majani.

Koko hakucheka. Alikuwa ameinama penye mayai yenye madoadoa, yamelala ardhini bila hata kiota.

"Ndege ya kifo haina mayai," alisema polepole. "Huyu ni maman tu, anachunga batoto yake. Mupokee mahari."

Kisha akalia yeye, na sisi watoto tulidhani ni kwa furaha.

Baadaye sana nilisoma kwamba yule ni ndoero, na kwamba hatui mtini kamwe. Nampenda Koko zaidi tangu nilipoelewa. Hakuwa na namna ya kuwaambia wageni wasimchukue Neema, kitindamimba wake, akamtuma ndege awaambie. Na ndege akakataa.