Ukili Uliopinda

Usiku kucha Tabu alikaa mlangoni kwa mama yake mzee, akisikiliza kama bado anapumua. Bibi huyo alikuwa amejikomea chumbani tangu juzi. Miezi mitatu sasa kula kwake ni kwa kulazimishwa, na majirani wanasema ana shetani. Alfajiri muuguzi wa zahanati, mtu wa bara, akafika. Kama kila anapokuja, alivua viatu, akajipangusa matope kidole kwa kidole, kisha akausalimu mlango: “Shikamoo, bibi.” Hakugonga, sauti yake haipandi hata siku moja.

“Dada, vile vidonge nilivyomwachia bibi, anameza?”

“Niliogopa kumpa.”

“Huu si uzee wala shetani. Ni ugonjwa wa huzuni, una tiba.” Hakumkaripia. Aliokota miyaa ya bibi ya kusukia mikeka, iliyotelekezwa barazani, akaanza kusuka ukili, ule utepe wa mkeka, kwa vidole vyake vinene, akikosea, akifumua, akikosea tena. “Bibi, ukili wangu unapinda kama mkia wa kenge. Niongeze miyaa au nipunguze?”

Tabu alibana pumzi. Ndani, kitanda kikalia.

“Usiongeze! Utaniharibia miyaa yangu, wewe.”

Komeo likavutwa, mlango ukafunguka kidogo, na mkono mkavu ukatoka kudai ukili.