Masharti ya Bi Tatu ya Kupanda Magofuni

Ukitaka kuyaona magofu ya kilimani nyuma ya Mahurunga, usiulize ofisi ya kijiji. Nenda kwa Bi Tatu Namtipa, mkulima wa mikorosho, nyumba ya mwisho kabla njia haijaanza kupanda. Atakwambia uvae mikono mirefu, ubebe maji na unga wa kujaa kiganja, ule wa kuweka kwenye kaburi lililo mlangoni mwa magofu kuomba njia. Na upande umande ungali mbichi! Njia nzima imetambaliwa na upupu. Mmea huo ukilowa, unatulia, ukikauka, vinyweleo vyake vinapeperuka na utajikuna mpaka ulie.

Mimi ni mwalimu, nilihamia hapa kutoka Moshi mwaka 1996. Miaka saba nilicheka masharti hayo. Mtu wa Moshi nifundishwe kupanda kichuguu?

Julai 2003 tukasikia afisa utamaduni anakuja kuchagua mwongozaji rasmi wa magofu. Bi Tatu aliitaka kazi ile kwa moyo wote. Tangu ujana wake alikuwa akipandisha wageni bure, na aliniambia waziwazi kuwa anatamani jina lake liandikwe. Mwenyekiti wa kijiji, lakini, alimtaka Rashidi, kijana wa kidato cha nne mwenye Kiingereza chake. Rashidi naye, kwa kujipendekeza, siku moja kabla, alfajiri na umande, alishika panga akafyeka njia yote. Ikapendeza kama uwanja wa harusi.

Mgeni alifika saa nne. Chai, maandazi, hotuba, ikawa saa sita, na upepo wa kusi unavuma. Bi Tatu akaitazama njia, kisha akamgeukia afisa.

"Leo sipandi, na ninyi msipande. Upupu umekatwa na umekauka. Njooni kesho alfajiri."

Mwenyekiti akamkaripia mbele za watu. Nikamnong'oneza Bi Tatu kwamba kazi inamponyoka. Akanijibu kuwa bora imponyoke kuliko kumpeleka mgeni kwenye mateso. Rashidi akaongoza, na mimi kiherehere nikafuata.

Hata nusu hatukufika! Upepo ulipiga mara moja tu. Afisa alivua shati, mwenyekiti akajisugua kwenye mkorosho, mimi nikapiga kelele ambazo wanafunzi wangu wanaziigiza mpaka leo. Tulishuka mbio tukamkuta Bi Tatu chini na ndoo ya majivu. Alitupaka mmoja mmoja, Rashidi wa mwisho, bila neno la kutusuta. Niliona aibu kweli.

Kesho yake alfajiri tulikuwa mlangoni kwake, mikono mirefu, unga kiganjani. Majani yaliyofyekwa yamelowa chepechepe. Rashidi alitangulia akiyasukuma pembeni kwa mti mrefu, Bi Tatu akimwelekeza. Tukaweka unga, tukaingia. Jamani! Ukuta mrefu kunizidi, kisima cha mawe, na upande wa pili mto Ruvuma umejitandaza mpaka baharini, ng'ambo yake Msumbiji ile pale! Nilirukaruka kama mtoto. Miaka saba nimeishi chini ya kitu hiki!

Afisa akafungua daftari, akauliza aandike jina la nani. Mwenyekiti alikohoa tu. Rashidi akainamisha kichwa.

"Andika Tatu Namtipa," akasema Bi Tatu. "Na chini yangu umwandike Rashidi. Kiingereza atasema yeye. Njia nitamfundisha mimi."